Vyeti vya Asubuhi Moja

Somo la kwanza la usalama nililokabidhiwa niwafundishe madereva wa malori wa West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, lilihusu kuendesha kwenye theluji. Lori kubwa jekundu limesimama katikati ya weupe mtupu, dereva wake amevaa glavu na kofia ya sufi, na chini ya picha kuna swali la Kiingereza: magurudumu yakianza kuteleza juu ya barafu, ufanye nini kwanza? Nililisoma nikiwa kwenye chumba changu cha kazi pale Onduparaka, pembeni mwa mji wa Arua, feni inazunguka, bati linalia kwa joto, na nje watu wanabishana juu ya mechi ya Jumamosi kana kwamba wanagombea shamba. Nilidhani wametuma faili ambalo si lenyewe. Nikapiga simu.

"Hakuna kosa, Madam," mkurugenzi alinijibu. "Hayo ni mafunzo ya kimataifa. Tumeyanunua. Wewe yaweke tu kwenye tovuti."

Mkurugenzi huyo alikuwa na kampuni ya malori hapa Arua. Walibeba saruji, mabati, maharage na mahindi ya msaada hadi Koboko, na kutoka Koboko wakavuka mpaka kuingia Sudan Kusini. Shirika lililowapa kazi ya kubeba mahindi lilikuwa limeweka sharti jipya: kila dereva awe na cheti cha usalama. Shule ya kutoa cheti kama hicho haipo karibu. Ndipo likaja wazo la tovuti. Dereva angefungua simu yake, angejifunza, angefanya mtihani, na akifaulu angepata cheti chenye namba. Mtu yeyote angeweza kuandika namba ile kwenye tovuti akaona kama cheti ni cha kweli.

Lilikuwa wazo zuri, na mpaka leo nalitetea. Kabla ya hapo nilikuwa nimetengeneza tovuti za shule mbili, nyumba ya wageni moja na mtu mmoja aliyeuza asali. Hii ilikuwa mara ya kwanza kupewa kazi ambayo, nikiifanya vizuri, ingeweza kumzuia mtu asife. Anayekua kando ya barabara ya Koboko huyazoea malori yaliyolala mtaroni, matairi juu, na watu wamezunguka wametulia kama wako msibani. Mimi nimekulia kando ya barabara hiyo.

Sikuweza kuweka theluji. Nikapanda gari kwenda Koboko kuwatafuta madereva wenyewe.

Walikuwa wamepaki nyuma ya soko, malori yamepangana na wao wamelala chini ya matela wakisubiri karatasi za forodha. Nilimuuliza mmoja ni nani kati yao anaijua barabara kuliko wote. Akanyoosha kidole kwenye duka la matairi ya mitumba upande wa pili. "Yule," akasema. "Lakini iko na hasira."

Muuza matairi alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na kitu, mguu wake wa kushoto haukunjiki gotini. Aliendesha malori miaka mingi mpaka siku breki zilipoishiwa upepo kwenye mteremko, na lori likachukua mguu na kazi yake pamoja. Hakunikaribisha kiti. Aliniuliza kama nimetumwa na serikali. Nilipomwambia nimetumwa na tajiri wa malori, alisema hiyo ni mbaya zaidi. Lakini nilipofungua kompyuta, udadisi ulimshinda, akainama kutazama.

"Hii nyeupe iko nini? Chumvi?"

"Theluji, Mzee. Maji yaliyoganda kwa baridi."

"Barabara hii iko wapi?"

"Ulaya, nadhani."

"Basi peleka kwa madereva ya Ulaya." Akafuta mikono kwa kitambaa, akaiangalia picha tena. "Wewe dada, unajua mutu wa lori anakufa namna gani hapa?"

Nikamwambia sijui, ndiyo maana nimekuja. Jibu hilo lilimlainisha kidogo. Akanisogezea tairi nikalie.

Alinieleza jambo ambalo kila dereva wa mpakani analijua na ambalo halikuwa hata kwenye ukurasa mmoja wa yale mafunzo ya kununua. Uganda tunaendesha kushoto. Ukivuka mpaka wa Sudan Kusini pale Oraba, kuanzia kibao cha upande wa pili unaendesha kulia. Ukiingia Congo ni kulia vilevile. Kwenda si tatizo, alisema, kwa sababu mtu anayekwenda anaogopa, macho yako wazi. Tatizo ni kurudi. Umelala huko siku nne, mkono umezoea kulia, unavuka asubuhi na mapema, unajiona umefika nyumbani.

"Wakati gari iko mingi, unafuata wengine," alisema. "Wakati barabara iko tupu, hapo ndiyo unakufa. Mkono yenyewe inakupeleka kulia, na wewe hapana kujua."

Nikamuuliza yeye alifanya nini miaka yote ile. Akasema alikuwa akifunga kitambaa chekundu kwenye usukani kila akivuka kurudi, na hakukifungua mpaka amefika Koboko mjini, amekunywa chai. Nikaandika. Niliandika mpaka mkono ukauma: namna ya kusikiliza upepo wa breki kabla ya mteremko, matawi ya miti yawekwe umbali gani lori likiharibika kwenye kona, kwa nini lori la mafuta likianguka kazi ya kwanza ya dereva ni kuwafukuza wanakijiji wanaokuja na madumu, hata kama watamtukana, hata kama watampiga.

Nilirudi kwake mara nne. Tulitengeneza masomo tisa, kwa Kiswahili, kwa sauti yake. Kiswahili kwa sababu kwenye msururu mmoja wa malori utamkuta Mlugbara, Mkakwa, mtu wa Aru kule Congo na mtu wa Juba, na lugha wanayotumia kuulizana habari za breki ni hiyo hiyo ya barabara, yenye *iko* nyingi na sarufi kidogo. Sauti kwa sababu wengi wao husoma polepole, na wengine hawasomi kabisa. Tulirekodi ndani ya stoo yake, katikati ya matairi yaliyopangwa hadi darini, maana mpira unameza kelele za soko. Mzee aliipenda sauti yake kuliko alivyokubali kusema. Akimaliza somo alitaka tulisikilize lote, na akisikia kosa dogo alisema, "Rudia. Hapo nimesema kama mutu ya usingizi."

Jumapili moja tulijaribu tovuti na madereva wanane wa kampuni, kwenye yadi yao Arua. Waliketi juu ya magunia na simu zao, kila mmoja ameweka simu sikioni kama anapigiwa na ndugu. Mmoja wao namkumbuka vizuri kuliko wengine, kijana wa Dadamu, nje kidogo ya mji, mwenye mke na watoto wawili, mtaratibu, ambaye wazazi wake walimtaka abaki kulima muhogo na yeye akapenda injini. Alikuwa ameendesha njia ya Kampala tu. Hakuwahi kuvuka mpaka. Somo la pande mbili za barabara halikuwa tayari siku ile, sauti ilikuwa bado naisafisha.

"Dada, hilo somo la kulia na kushoto litakuja lini?" aliniuliza. "Wanasema mwezi ujao nitaanza kuvuka."

"Wiki ijayo," nikamwambia. "Utalipata kabla hujavuka."

Nilimwahidi hivyo, na niliamini ninachosema.

Wiki iliyofuata mkurugenzi aliniita ofisini nimwonyeshe kazi. Sitaki msomaji adhani alikuwa mtu wa kutisha. Alikuwa mpole, aliniuliza mama yangu anaendeleaje na goti lake, aliagiza nipewe soda. Nikamfungulia somo la kwanza. Sauti ya Mzee ikajaa ofisini: *Ndugu yangu dereva, kabla ya kuwasha gari, shuka, zunguka, angalia.* Mkurugenzi alisikiliza nusu dakika, uso umekunjamana kama mtu aliyekuta nywele kwenye chakula.

"Huyu ni nani?"

Nikamweleza.

"Madam, wale watu wa shirika watafungua tovuti hii. Watasikia mzee wa sokoni anasema *iko, iko*. Watatuonaje?"

"Wataona madereva wanaelewa."

"Wao hawasikii Kiswahili. Wanasoma Kiingereza. Rudisha yale mafunzo tuliyonunua."

Nilibishana naye. Nilimwambia kuhusu theluji. Akacheka, akasema basi nitoe picha za theluji niache maneno. Nilimwambia kuhusu kulia na kushoto, nikamwambia watu wanakufa kwa jambo hilo. Akasema madereva wake ni watu wazima, wana leseni, kulia na kushoto wanajua. Kisha akaniomba jambo la pili, kwa sauti ileile ya upole. Alitaka kitufe. Madereva wako safarini muda wote, alisema, simu zao mbovu, mtandao hakuna. Karani wa ofisi awe na kitufe cha kukamilisha masomo kwa niaba ya dereva.

"Na mtihani?" nikauliza.

"Na mtihani pia."

"Halafu cheti kitakuwa cha nini?"

"Cheti ni sharti, Madam. Tunatimiza sharti."

Ningependa kuandika kwamba nilifunga kompyuta nikaondoka. Sikuondoka. Nilikuwa na wateja wachache, yeye ndiye mkubwa wao, na nilijiambia kwamba ukikikataa kitufe leo, kesho ataletwa mtu mwingine atakayekitengeneza na kuyafuta hata masomo yako. Nilijiambia karani atakitumia kwa nadra. Nikarudi Onduparaka, nikakitengeneza, na hakikunichukua hata saa tatu. Kilikuwa kitufe kizuri cha kijani. Nikarudisha yale mafunzo ya kununua, na masomo ya Mzee niliyatoa kwenye ukurasa wa mbele, nikayaweka mahali ambapo hakuna dereva angeyaona.

Kitu kimoja tu nilikiacha kama kilivyokuwa, na hata hicho hakikuwa ushujaa, yalikuwa mazoea ya kazi. Kila tovuti ninayotengeneza hujiandikia kumbukumbu: nani amefungua, kutoka kompyuta gani au simu gani, saa ngapi, amebonyeza nini. Hakuna aliyeniuliza habari za kumbukumbu hizo, nami sikuzitaja.

Siku ya uzinduzi walifunga turubai kwenye yadi. Kulikuwa na viti vya plastiki, maji ya chupa na bango. Wageni wa shirika walikuja na magari mawili. Vyeti vilikuwa vimechapwa kwenye karatasi nene yenye ukingo wa dhahabu, vimepangwa mezani. Madereva watano tu walikuwepo, wengine walikuwa safarini, kwa hiyo hao watano walipigwa picha mara nyingi. Mzee hakualikwa. Nilikuwa nimemwambia masomo yake yamecheleweshwa kidogo. Ndilo neno nililotumia, *yamecheleweshwa*, nami nikaona aibu kulisema hata kwa simu.

Jioni yake nilifungua kumbukumbu. Karani alikuwa ameanza kazi asubuhi saa mbili na nusu. Kufikia saa nne kasorobo, madereva wote wa kampuni walikuwa wamefuzu. Kila mmoja alimaliza masomo yote na mtihani kwa muda usiofika dakika moja, kutoka kompyuta moja, ile ya mezani kwa karani. Kila mmoja alipata alama zote. Nilitazama orodha ile, nikaona jina la kijana wa Dadamu katikati yake, sekunde thelathini na nane. Nikafunga kompyuta, nikaenda kupika. Sikumpigia simu mtu yeyote. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine yote, na nisipoliandika, hasira yangu juu ya wengine haitakuwa na haki.

Wiki tatu baadaye Mzee alinipigia simu saa nne asubuhi. Hakunisalimu.

"Wewe iko wapi? Ile lori ya tajiri yako imegonga mutu."

Ilitokea kati ya Oraba na Koboko, jua limeshapanda, barabara kavu, hakuna gari mbele. Kijana wa Dadamu alikuwa akirudi kutoka safari yake ya kwanza ng'ambo. Alikuwa amekaa huko siku tano. Alivuka, akapita vizuizi, akaongeza mwendo, na barabara tupu ikampeleka kulia kama alivyoeleza Mzee, neno kwa neno. Kwenye kona alikutana na boda iliyombeba mama mfanyabiashara kutoka upande wa Congo, akipeleka Oraba madumu mawili ya mawese. Kila mmoja alishangaa mwenzake anafanya nini upande wake. Kijana akakata usukani kwa nguvu na lori likaingia mtaroni. Boda ikaguswa ubavuni ikaanguka. Mwenye boda alichubuka mikono na uso. Mama alivunjika mguu, mfupa wa paja. Madumu yalipasuka, na mawese yakatapakaa lami yote mpaka watu waliokuja mbio walipiga yowe wakidhani ni damu.

Polisi walimchukua kijana. Siku ya pili mkurugenzi aliniita.

Alikuwa na barua mezani, tayari imepigwa muhuri. Alinipa niisome, nadhani alifikiri nitaisifu. Barua ilisema kampuni inasikitika. Kwamba dereva alipewa mafunzo kamili ya usalama na kufaulu kwa alama zote, kama cheti kilichoambatanishwa kinavyoonyesha. Kwamba alichofanya ni uzembe wake binafsi. Kwamba amefukuzwa kazi tangu siku ile, na gharama za majeruhi ni juu yake.

"Polisi wanataka uthibitisho wa cheti," mkurugenzi alisema. "Nichapie ule ukurasa wa alama zake. Ukurasa mmoja tu."

Mpaka dakika ile nilikuwa nikidhani cheti kile hakina kazi, karatasi ya kumridhisha mgeni, basi. Sikuwa nimeelewa kwamba kina kazi, tena kubwa. Kilitengenezwa ili siku kama hii ikifika, mzigo wote umwangukie mtu mmoja anayelala chini ya tela, na ofisi ibaki safi. Na namba iliyokuwa kwenye kona ya cheti, ile inayothibitisha kwamba ni cha kweli, nilikuwa nimeitunga mimi.

"Hakusoma," nikasema.

"Tovuti inasema alisoma."

"Tovuti inasema karani alibonyeza kitufe. Siku hiyo kijana alikuwa njiani na saruji."

Akaisogeza barua pembeni. Kisha akasema, bado kwa upole, "Madam, wewe ni fundi wa kompyuta. Mambo ya dereva tuachie sisi. Nimekuomba ukurasa mmoja."

"Ukurasa huo mmoja ni uongo."

"Basi usiuchape. Karani atauchapa."

Nilitoka bila kuaga. Kwenye yadi nilimkuta karani, dada mdogo wa umri wa mdogo wangu, macho yamevimba kwa kulia. Aliniambia aliambiwa tu amalize kabla wageni hawajafika. Nilimwamini. Nami niliambiwa tu.

Nikachapa kumbukumbu zote za siku ile, kurasa kumi na saba, nikapanda gari la Koboko.

Nilipitia kwanza hospitali. Mama wa mawese alikuwa amelala mguu umeinuliwa, dada yake anampepea kwa kipande cha boksi. Nilijitambulisha. Nilimwambia mimi ndiye niliyetengeneza mafunzo ya madereva wa kampuni ile.

"Sasa ulimufundisha nini?" akauliza.

Nikasema, "Sikumfundisha, mama. Ndiyo shida yenyewe."

"Ule mutu hakuwe mubaya," alisema. "Alishuka, akanibeba, akalia sana. Mimi nilikuwa naona mufupa, yeye ndiye analia." Kisha akaniuliza nani atalipia dawa, na nani atawaambia watoto wake kule nyumbani kwamba hatarudi wiki hii. Sauti yake haikupanda hata kidogo. Laiti angenipigia kelele.

Kituoni polisi waliniruhusu kumwona kijana. Alikuwa amekonda kwa siku mbili tu. Alinisalimu kwa heshima, akauliza habari za nyumbani kwangu, kama vile tumekutana kanisani.

"Dada, wamenionyesha cheti," akasema. "Jina ni langu. Mimi nilisoma wapi?"

"Hukusoma. Wamekusomea."

"Na lile somo la kulia na kushoto, ulikuwa umelimaliza?"

"Nililimaliza."

"Liko wapi?"

Nikamwambia ukweli: kwamba niliambiwa nilitoe, nikalitoa. Hakunitukana. Aliinamisha kichwa tu, akaendelea kukitazama kidole gumba chake, na mimi nikasimama pale nikitamani atukane.

Afisa aliyeshika faili alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani. Nilipomwekea kurasa zangu mezani, alisema hajui kusoma mambo ya kompyuta. Nikamwomba anipe nusu saa. Tulizipitia mstari kwa mstari, yeye akiweka rula chini ya kila mstari ili asipotee. Huyu ni nani? Hii ni saa ngapi? Hii namba ndefu ni nini? Nikamweleza kwamba ile namba ni kompyuta, na kwamba ni moja kwenye mistari yote. Alihesabu kimyakimya. Alipofika sekunde thelathini na nane, akavua miwani.

"Mtu hawezi hata kusoma jina lake vizuri kwa muda huu," alisema. Kisha akauliza, "Hiki kitufe cha karani, nani alikiweka?"

"Mimi, afande."

"Kwa nini?"

"Niliambiwa."

Akaandika. Aliandika jibu langu kama nilivyolisema, neno moja, nikaliona likikauka kwenye karatasi. Halafu akanitaka nisaini chini.

Kilichofuata hakikuwa kikubwa kama hasira yangu ilivyotaka. Kijana aliachiwa kwa dhamana ya kaka yake, na baadaye shauri lake likaisha kwa onyo, baada ya mama wa mawese mwenyewe kusema hataki afungwe. Shirika la mahindi lilipata nakala ya zile kurasa. Sitaandika zilifikaje, ila sikuzificha. Walikuja wakauliza maswali, na kampuni ikaiondoa ile barua na kulipa hospitali mpaka mwisho. Hakuna aliyeshtakiwa ofisini. Vyeti vyote vilifutwa, tovuti yangu ikazimwa, na mkurugenzi akawaambia watu kwamba kulikuwa na hitilafu ya mfumo. *Hitilafu ya mfumo.* Nimelisikia neno hilo kutoka kwa watu watatu tofauti hapa Arua, wote wakinitazama kwa huruma, kama fundi ambaye nyumba yake imebomoka. Kila nikilisikia nashikwa na ghadhabu upya, kwa sababu mfumo ulikuwa mzima. Ulifanya kila ulichoamriwa, ukaandika ukweli saa na dakika. Kilichooza kilikuwa juu ya viti.

Miezi miwili baadaye kampuni ikapata tovuti nyingine, iliyotengenezwa mbali. Nimeifungua. Ni ya Kiingereza, inang'aa. Sikuona kumbukumbu mahali popote ambapo mtu wa nje angeweza kuzifikia.

Mimi na Mzee tuliyachukua masomo tisa tukayafanya mafaili madogo ya sauti ambayo hayahitaji mtandao. Kabla ya hapo alinikasirikia sana nilipomweleza yote. Kwa wiki nzima alikataa simu zangu, na nilipokwenda dukani aliendelea kubandua tairi kama sipo. Siku ya pili yake nilikwenda tena. Akasema bila kugeuka, "Ulisema yamecheleweshwa."

"Nilikudanganya, Mzee. Nisamehe."

"Mimi nasamehe. Lakini ile mama ya mawese, wewe muombe yeye." Kisha akanyoosha mkono apewe simu, tukaanza kuyahamisha. Sasa dereva akija kununua tairi anaondoka na masomo kwenye simu yake, atake asitake. Hakuna cheti. Mzee anasema mtihani ni kurudi salama, nami siku hizi sibishani naye.

Kijana wa Dadamu anaendesha lori la kokoto hapa mjini, safari fupi, na hajavuka mpaka tena. Mama wa mawese amerudi sokoni Koboko, lakini hapandi boda. Kutoka mpaka wa Congo hutembea na fimbo, madumu yakiwa juu ya baiskeli inayosukumwa na dada yake, na safari iliyokuwa ya robo saa inamla asubuhi nzima. Mwezi uliopita nilimpitia nimwombe msamaha kama Mzee alivyosema, nikaishia kununua chupa tatu. Alinipimia akajaza hadi mdomoni, akafunga kwa kipande cha plastiki, na hakuniuliza tena habari za mafunzo.